Kilo Kumi za Bibi: Kabla Hujaunga Masta ya Biashara

Ikifika semista ya mwisho ya mwaka wa tatu, stori za pale vimbwetani huwa zinafanana. "Ukimaliza unaelekea wapi?" Mmoja atasema JKT, mwingine atasema anarudi nyumbani kwanza kupumzisha akili, wa tatu atasema kuna mjomba wake bandarini amemwahidi kitu. Ila siku hizi jibu ninalolisikia zaidi kwa wenzetu wa biashara ni hili: "Mimi naunga masta. MBA. Nataka nafasi za umeneja."

Silicheki jibu hilo hata kidogo. Mimi mwenyewe niko mwaka wa pili wa MBA, nasoma jioni, na nitakuwa mnafiki nikikaa huku ndani nikawaambia nyinyi msiingie. Ninachotaka kusema ni kingine. Shahada hii ina wakati wake, na kwa wengi wetu wakati wake si mwezi mmoja baada ya mahafali. Nimelijua hilo kwa gharama, na nusura gharama yenyewe ilipwe na watu wengine kabisa.

Kwetu ni Makote, Newala. Ambaye hajafika huko, Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini yako, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Maji ni ya shida, mchanga ni mwingi, na maisha yote yanazunguka mkorosho. Ada ni korosho, harusi ni korosho, bati la nyumba ni korosho. Mimi nimesoma kwa korosho na bumu, na bumu mnalijua lilivyo.

Nilipomaliza digrii ya kwanza mwaka 2021 niliomba MBA hapohapo na nikapata nafasi. GPA ilikuwa nzuri, sikuwahi kula supu hata moja, kwa hiyo nikaona njia ni nyeupe. Nikampigia simu mjomba. Kwa sisi Wamakonde mjomba si mtu wa kuja kwenye sherehe tu, ni mtu wa kuamua. Mjomba alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mwanangu. Nitakodisha mikorosho ya upande wa chini kwa misimu mitatu. Ukishakuwa meneja utaikomboa."

Nilifurahi sana. Hesabu yenyewe niliifanya siku tatu baadaye, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Tuseme ada na matumizi ni shilingi milioni 6, na tuseme kilo ya korosho mkulima anabaki na shilingi 2,000 baada ya makato. Hiyo ni tani tatu. Tuseme tena mkorosho uliotunzwa vizuri unatoa kilo 10. Hiyo ni mikorosho 300, mavuno yake yote ya msimu mmoja, kabla hujanunua salfa, kabla hujalipa wa kupalilia wala wa kuokota. Na mwenye kukodi mikorosho halipi bei ya mnada, analipa bei ya mtu mwenye shida. Ndiyo maana mjomba alisema misimu mitatu.

Mama ndiye aliyezuia. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Hiyo ya kwanza bado hujaitumia hata siku moja. Unanunuaje ya pili?"

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikapata kazi ya uhasibu katika chama kimoja cha msingi cha ushirika, AMCOS kama tunavyoziita, upande wa Masasi. Sitakitaja. Mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba nilikuwa naona aibu kuutaja kwa niliosoma nao. Nilikaa hapo misimu mitatu.

Kwa asiyejua mfumo, nieleze kidogo, maana hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima analeta mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapangwa daraja, unasafirishwa hadi ghala kuu. Chama kikuu, ambacho kwa Masasi ni MAMCU na kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, kinauza kwa mnada. Wakulima wanaweza kuikubali bei au kuikataa. Ikikubaliwa, yanaondolewa makato kwa kila kilo: ushuru wa halmashauri, chama kikuu, chama cha msingi, usafiri, ghala, magunia. Kinachobaki kinaingia benki kwenye akaunti ya mkulima.

Sasa, msimu wangu wa kwanza niliandaa taarifa ya mkutano mkuu kwa mbwembwe zote za chuo. Slaidi 14, chati za duara za rangi nne, asilimia kila mahali. Umeme ulikatika kabla ya slaidi ya kwanza, nikasoma kwa mdomo. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa chini karibu na mlango akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, hizo asilimia nimezisikia. Mimi nilileta kilo mia nne, karani akaandika mia nne, karatasi ninayo. Nimelipwa mia tatu na tisini. Kilo zangu kumi ziko wapi?"

Nikamjibu kwamba huo ni unyaufu, yaani korosho ikikaa inapungua maji, kwa hiyo inapungua uzito. Akasema, "Korosho zangu nilizianika siku nne. Zilikuwa zinalia kama kokoto. Maji gani hayo?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikuwa na jibu. Mwenyekiti akaniokoa kwa kuhamia ajenda inayofuata.

Usiku ule nilifungua daftari la mapokezi na kuanza kufuatilia. Nilikuta kitu ambacho hakikuwa wizi, na pengine ingekuwa rahisi zaidi kama kingekuwa wizi. Mzigo ukifika ghala kuu ukakutwa umepungua, chama kilikuwa kinachukua upungufu wote na kuugawa sawa kwa kila mkulima kulingana na kilo zake. Aliyeanika siku nne alikatwa sawa na aliyeleta korosho mbichi za kuokotwa asubuhi ileile. Maana yake mwenye kujali alikuwa anamlipia asiyejali. Na msimu baada ya msimu, wenye akili walikuwa wanajifunza kutoanika. Kwa nini uhangaike?

Hilo ni tatizo la menejimenti, tena la kwenye kitabu kabisa: namna unavyogawa hasara ndivyo unavyowafundisha watu tabia. Lakini nilikuwa na digrii ya biashara mfukoni na sikuliona mpaka bibi aliponiuliza. Nilikuwa nafanya hesabu za ofisini. Sikuwahi kusimama kwenye mizani siku nzima.

Nilijaribu kurekebisha. Nikapendekeza tupokee kwa malundo, korosho zilizokauka mbali na mbichi, kila lundo libebe unyaufu wake. Karani wa mizani akauliza nani atakaa mpaka saa nne usiku kutenganisha. Mwenyekiti akauliza nani atamwambia mjumbe wa bodi kwamba korosho zake ni mbichi. Sikuwa na jibu la kwanza wala la pili. Pendekezo langu lilifanya kazi wiki mbili, likafa.

Ndipo nilipotafuta fomu ya MBA kwa mara ya pili. Safari hii nilikuwa na maswali matatu nimeyaandika nyuma ya kitabu cha risiti: hasara ya pamoja inagawiwaje kwa haki? Unabadilishaje utaratibu ambao wakubwa wanafaidika nao? Na gharama ya kupima vizuri inalipwa na nani?

Nataka niwaeleze tofauti ilivyokuwa darasani, maana wengi mnadhani masta ni mwendelezo wa digrii: madesa yaleyale, makundi yaleyale, mitihani migumu kidogo. Kwa aliyeunga moja kwa moja, kweli inakuwa hivyo. Kwenye kundi letu la kazi yuko kijana hodari sana, kichwa kinachemka, anamaliza maswali ya fedha kabla sijafungua kikokotoo. Lakini tukifika kwenye somo la tabia za watu kazini anasema, "Hii si komoni sensi tu?" Mwenzetu muuguzi, ambaye ameongoza wodi miaka tisa, anamwangalia bila kusema kitu. Yeye kila ukurasa wa somo lile ana mtu anayemkumbuka.

Hoja hii si yangu peke yangu wala si ya Kimakonde. Harvard ilianza kufundisha shahada hii mwaka 1908, na karibu karne moja baadaye, mwaka 2004, profesa Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitoa kitabu alichokiita Managers Not MBAs. Kwa ufupi anadai kwamba umeneja ni kazi inayojifunzwa kwa kuifanya, na kwamba vyuo vya biashara vinakosea kuwafundisha uongozi vijana ambao hawajawahi kuongoza chochote. Sikubaliani naye kwa yote, ila kila nikimkumbuka yule bibi, namwelewa.

Kuna atakayesema, "Dada, haya ni mambo ya ghala la kijijini. Sisi tunaongelea benki, simu, mashirika." Sawa. Lakini uongozi mbovu una bei popote ulipo, na sisi wa Kusini tumeiona. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, ndiyo. Lakini watu pia walihamishwa vijijini wakaacha mashamba yao mbali, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, bei ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa. Mikorosho ikaachwa porini. Waliofanya maamuzi hayo hawakuwa watu wasiosoma. Walikuwa mbali na mizani.

Na mwaka 2018, nikiwa mwaka wa kwanza, wakulima wa kwetu walizikataa bei za mnada. Mwezi Novemba Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Ukafuata uhakiki wa nani ana shamba na nani ni kangomba, yule mlanguzi anayenunua kwa vipimo vya mtaani mkulima akiwa amebanwa na njaa. Ukiwa meneja wa ghala msimu kama ule, hakuna sura ya kitabu inayokwambia ufanye nini asubuhi hiyo. Kitabu kitakusaidia baadaye, ukikaa chini kuelewa kilichotokea. Lakini lazima uwe ulikuwepo.

Sasa nirudi kwa msomaji anayetaka kupanda cheo, maana ndilo swali lenyewe, na si dhambi kulitaka. Je, MBA inapandisha?

Nionavyo mimi, inawapandisha watu wa aina tatu. Wa kwanza ni aliye ndani ya ajira ambayo muundo wake unadai shahada ya uzamili kwa nafasi fulani. Huyo asipoteze muda, asome. Wa pili ni mtaalamu anayeingia kwenye uongozi akitokea fani nyingine: mhandisi, muuguzi, bwana shamba. Kazi yake anaijua, ila hajawahi kusoma mizania wala bajeti. Kwake shahada hii ni daraja halisi. Wa tatu ni aliyekwama na swali la kazini kwake na anajua kwamba amekwama.

Haimpandishi anayekimbia mtaa. Najua nasema neno gumu hapa. Ajira hakuna, nyumbani wanauliza, jirani anauliza, na ukisema "nasoma masta" unapata miaka miwili ya heshima. Naelewa kabisa, nami nilitaka heshima hiyohiyo. Lakini miaka miwili ikiisha unarudi kwenye foleni ileile, umeongeza umri na deni, na mwajiri anakuuliza jambo lilelile: umefanya nini? Wengine watakuona umesoma mno kwa nafasi ya chini na hujafanya kazi ya kutosha kwa nafasi ya juu. Nina marafiki wawili wako hapo sasa hivi.

Kwa mhasibu, mitihani ya CPA ya NBAA mara nyingi inafungua mlango mapema kuliko MBA, tena unaifanya ukiwa kazini. Kwa anayetaka ushirika, kuna Moshi, chuo kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Na kwa aliyeko mikoani, Chuo Kikuu Huria kina kituo hadi Mtwara, huna haja ya kuacha kazi wala kupanga chumba Sinza. Nayasema haya kwa sababu mimi nilipomaliza sikuyafikiria hata kidogo. Nilijua herufi tatu tu.

Nikiri na upande wa pili, msije mkasema nawapiga siasa. Kusubiri nako kuna hatari. Ukiingia kazini unazoea, unaoa au unaolewa, mshahara unakuwa na wenyewe, na ile "nitasoma baadaye" inageuka kuwa kamwe. Kwa wadada hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana kila mtu ana maoni kuhusu mke anayesoma jioni. Ndiyo maana sisemi subiri miaka kumi. Misimu miwili au mitatu inatosha, mradi iwe ya kazi yenye watu ndani yake. Chama cha msingi, duka la jumla, SACCOS, ghala, zahanati, hata ofisi ya serikali ya wanafunzi hapa chuoni ukiifanya kwa dhati na si kwa posho. Mahali popote ambapo mtu anaweza kukusimamisha akakuuliza kilo zake ziko wapi.

Na vyuo navyo vina lao. Darasani kwetu mifano mingi ni ya kampuni za Marekani zinazouza vitu ambavyo Newala havijafika. Muhula uliopita niliomba kundi letu lifanyie kazi ghala la korosho badala ya kampuni ya ndege, na mhadhiri akakubali. Tulibishana wiki tatu kuhusu unyaufu. Yule kijana wa hesabu alitengeneza fomula nzuri ya kugawa hasara kwa malundo, na muuguzi ndiye aliyesema haitafanya kazi mpaka karani wa mizani alipwe saa za ziada na mjumbe wa bodi apimwe wa kwanza, mbele ya watu. Ni somo bora nililopata tangu niingie chuo kikuu. Nani alijua dhambi yetu ya Masasi inaweza kuwa desa?

Nikimaliza mwaka huu nina nafasi mbili za kuwania, moja Dar na moja huko kwetu. Sijaamua, na sitawadanganya kwamba ya Dar hainivuti. Mjomba hajakodisha mikorosho. Ada nimejilipia kwa akiba na mkopo mdogo wa SACCOS, ndiyo maana nasoma jioni na mchana nauza muda wangu kwa kufunga hesabu za watu. Nachoka. Lakini nikiingia darasani najua nimefuata nini.

Kwa hiyo, ndugu mwenye fomu mezani, kabla hujalipa ile ada ya maombi, chukua karatasi tupu. Andika nusu ukurasa: ni jambo gani ulilolikuta kazini, la watu wenye majina, ambalo ulishindwa kulitatua na unataka chuo kikusaidie? Ukiandika na wino ukaendelea kutoka, peleka fomu. Ukikaa dakika ishirini na karatasi bado nyeupe, weka fomu kabatini, uende ukatafute mizani ya kusimamia. Haitakimbia. Na huko nyumbani, waache na mikorosho yao msimu huu.